Uzi: Jeni ya BRCA ni nzima ila ukarabati wa DNA umezorota, mikroRNA zinaingiaje kwenye saratani ya matiti?

Mtu wa Pipeti (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kuna dada alileta humu majibu ya mama yake, saratani ya titi ile ya hasi tatu, yaani ER hasi, PR hasi, HER2 hasi (haina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala HER2 kwa wingi), mama ana miaka arobaini na kitu, wakampima BRCA1 na BRCA2, jeni mbili za ukarabati wa DNA, kwa damu majibu yakarudi jeni zote mbili nzima, afu daktari anamwambia uvimbe wenyewe una tabia kama za mtu aliyerithi BRCA mbovu. Dada akauliza inakuwaje. Majibu aliyopata humu ni sidiria nyeusi, mara deodoranti, mara karogwa na wifi. Nikaona hapana, swali zuri namna hii haliwezi kuzikwa hivo, ngoja lipate uzi wake. Mods naomba msiunganishe.

Mimi ni mtu wa maabara, nashinda na seli, sitibu watu. Nitaeleza kinachotokea ndani ya seli, mambo ya dozi mwacheni daktari wake.

Twende taratibu. DNA ya kila seli mwilini mwako inaharibika kila siku, na sio mara moja mbili, ni makumi ya maelfu ya majeraha kwa seli moja kwa siku, mengi yanaletwa na vitu vya kawaida kabisa kama maji na oksijeni inayotumika humo humo ndani. Huhitaji kuvuta sigara ndo uyapate. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Nobeli ya kemia 2015 kwa kuonesha seli inavyojirekebisha. Mengi ni madogo, herufi moja imeharibika inang'olewa inawekwa nyingine, yameisha. Kasheshe ni pale nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika sehemu moja. Hapo seli ina njia mbili kubwa: ya kwanza ni kukamata ncha mbili na kuziunga hivo hivo fasta, herufi kadhaa zikipotea zimepotea. Ya pili ni ya kiungwana zaidi, seli inatafuta nakala pacha ya kile kipande, ambayo inakuwepo pale seli ikishadurufu DNA yake tayari kwa kugawanyika, inanakili herufi kwa herufi. Kwenye hii ya pili ndo utawakuta BRCA1, BRCA2 na RAD51. BRCA1 inasaidia kuandaa ncha, BRCA2 inamleta RAD51, RAD51 inajipanga juu ya uzi na kwenda kumtafuta pacha.

BRCA1 Mary-Claire King alionesha 1990 kwamba ipo kromosomu 17, jeni yenyewe ikanaswa 1994, BRCA2 ya kromosomu 13 ikafuata 1995. Ukirithi moja yao mbovu hatari inapanda sana, hiyo wengi mnaijua toka enzi za mwigizaji Angelina Jolie alipotangaza 2013 kwamba ana BRCA1 mbovu. Ila saratani za matiti za kurithi ni kama asilimia 5 mpaka 10 tu ya zote, na BRCA ni sehemu ya hizo. Sasa hawa wengine ukarabati wao unaharibiwa na nani?

Jeni inasomwa inatoa mRNA, mRNA inasomwa inatoa protini, na anayefanya kazi ni protini. Kipimo cha damu alichopimwa mama kinasoma JENI. Hakikuambii protini ipo kiasi gani ndani ya uvimbe. Hapo katikati ndo pana mchezo, na mmoja wa wachezaji ni mikroRNA.

Narudi kuendelea, naenda kutoa seli kwenye inkubeta.

Mkorofi Mstaarabu

Natia kambi hapa. Leo tunajifunza, siasa pembeni.

Binti wa Pili

Mimi ndo yule dada mwenye swali. Asante kaka Mungu akubariki, nilishaanza kumwangalia wifi vibaya. Nasubiri.

Mchele Mbichi

Uzi mrefu hivi kwa bando la nani? Weka kwa ufupi mkuu.

Mtu wa Pipeti

@Mchele Mbichi ufupi upo tiktok mkuu, huku tunasoma.

Naendelea. MikroRNA ni kipande kifupi cha RNA, herufi 22 hivi, hakitengenezi protini yoyote. Ya kwanza ilitangazwa 1993 na Victor Ambros, na Gary Ruvkun akaonesha inavyofanya kazi, kwenye kimnyoo cha milimita moja kinaitwa C. elegans. Ilikuwa inaitwa lin-4. Kwa miaka watu wakaona ni mambo ya minyoo hayo, mpaka 2000 ilipopatikana let-7 ambayo ipo kuanzia kwa mnyoo mpaka kwako wewe unayelalamikia bando. 2024 wakapewa Nobeli ya tiba. Leo hii kwa binadamu zimeorodheshwa kama 2,600.

Inazaliwa ikiwa ndefu, enzaimu inayoitwa Drosha inaikata ndani ya kiini cha seli, inatoka nje, Dicer inaikata tena, kipande kimoja kinapakiwa ndani ya protini inayoitwa Argonaute. Kuanzia hapo inazunguka ikitafuta mRNA ya kushika, na cha ajabu inatumia herufi chache tu, ya 2 mpaka ya 8, kutambua sehemu ya kushika, ambayo kwa kawaida ipo kwenye mkia wa mRNA. Ikishashika, ile mRNA haisomwi vizuri na inaoza mapema, protini inapungua.

Nimesema inapungua, sijasema inaisha. Watu wanakosea sana hapa. MikroRNA ni kama koki ya bomba inayokazwa kidogo, maji yanatoka bado ila presha imeshuka, na kwa mikroRNA moja protini mara nyingi inashuka chini ya mara mbili. Sasa utasema mbona kidogo? Ni kwamba mikroRNA moja inaweza kushika mRNA za mamia ya jeni, na mRNA moja inaweza kushikwa na mikroRNA kadhaa kwa mpigo. Afu protini za ukarabati seli haiziweki kwa akiba kubwa. Kwa hiyo seli ya titi ambayo miR fulani (miR ni kifupi cha mikroRNA) imepanda, ina jeni ya BRCA1 nzima kabisa, herufi zote zipo, ila protini ya BRCA1 haitoshi kazi. Dada hilo ndo mojawapo ya majibu ya swali lako. Nasema mojawapo kwa sababu kuna njia nyingine maarufu, pale jeni inapobandikwa vikundi vya methili kwenye sehemu yake ya kuanzia ikazimwa, na hiyo kwa hasi tatu inatokea sana tu.

Thika Rodi

Hii ni moto boss. Mimi niko Kenya nilisoma biokemia campo lakini hii sikuwahi elezewa hivi. Swali: ni miR gani hizo zenye ziko proven kwa breast, sio story za "inaaminika kwamba"?

Mtu wa Pipeti

@Thika Rodi swali la kiume. Nakupa zile ambazo mimi nikikaa na mtu nabishana nazo bila wasiwasi.

Naanza na miR-182. 2011 Dipanjan Chowdhury na wenzake wa Dana-Farber, taasisi ya saratani pale Boston, walionesha inashika mkia wa mRNA ya BRCA1. Wakachukua seli za saratani ya titi wakazijaza miR-182, BRCA1 ikashuka, ukarabati wa kunakili ukazorota, seli zikawa nyepesi kufa zikipigwa mionzi. Wakageuza kibao, wakaizuia miR-182, BRCA1 ikapanda na seli zikawa ngumu mbele ya mionzi ile ile. Na jeni ya BRCA1 haikuguswa hata herufi moja muda wote huo. Kwangu mimi hii ndo karatasi bora ya utafiti kwenye eneo hili kwa sababu walisukuma pande zote mbili, wengi wanasukuma upande mmoja tu wanakimbilia kuchapisha.

Mwaka huo huo watafiti wa Ufaransa wakaleta miR-146a na miR-146b-5p, hizi ni ndugu, zinashika BRCA1 sehemu ile ile moja, na zilikuwa juu hasa kwenye uvimbe wa hasi tatu. Hii inamgusa mama wa dada moja kwa moja.

Afu ipo miR-18a inayoshusha ATM. ATM ndo inayopiga kengele uzi ukikatika, ikishuka seli inachelewa hata kujua kwamba imeumia. miR-96 inashusha RAD51. miR-24 inashusha H2AX, protini inayotiwa alama pale DNA ilipokatika, ila ile ilioneshwa kwenye seli za damu zilizokomaa, msiibebe mkaipeleka kwenye titi bila ushahidi. Na miR-155, hiyo naiwekea nafasi yake, ina vituko.

Nesi wa Zamu

Samahani mkuu, na nyie mnajuaje kwamba ukarabati umeshuka? Maana DNA huioni kwa macho. Sisi wodini tunaona mgonjwa tu.

Mtu wa Pipeti

@Nesi wa Zamu sista swali lako nalipenda kuliko yote, ngoja nikuoneshe tunavyokaa nalo.

Njia ya kwanza, tunahesabu vidoti. Unachukua seli zimeota kwenye kioo chembamba, unazipiga mionzi, tuseme greyi 1 (kipimo cha dozi ya mionzi) ambayo inakata nyuzi mbili kama sehemu 20 mpaka 40 kwa kila seli. Ndani ya dakika chache ATM na wenzake wanaitia H2AX alama ya fosfeti kandokando ya kila mkato. Unagandisha seli, unamwagia antibodi inayotambua hiyo alama, juu yake nyingine yenye rangi ya kung'aa, unaingia chumba cha giza chenye hadubini. Kiini kinaonekana bluu, ndani yake vidoti vya kijani, kila kidoti kwa makadirio ni mkato mmoja. Kwa nusu saa vimejaa. Sasa unaziacha seli nyingine saa 24 ndo unahesabu tena, seli yenye ukarabati mzuri utakuta vidoti viwili vitatu vimebaki, seli uliyoijaza miR-182 unakuta bado kiini kina vidoti kibao. Unahesabu seli mia, mia mbili, shingo inauma. Ukitaka kujua hasa njia ya kunakili unahesabu vidoti vya RAD51 badala ya H2AX, maana RAD51 haikai pale kama kunakili hakujaanza.

Njia ya pili ndo naipenda, inaitwa kipimo cha kometi. Seli zinachanganywa na agarosi (kama jeli) iliyoyeyushwa, unamimina kwenye slaidi ikaganda, unaitia dawa inayoyeyusha kila kitu inabaki DNA, unapitisha umeme. DNA nzima ni nzito haiendi popote, inabaki mviringo. Iliyokatika vipande vyepesi vinavutwa kwenda upande chanya vinatengeneza mkia. Kwenye hadubini unaona kichwa na mkia, jina limetoka hapo. Mkia mrefu maana yake seli imechanika na haijajitengeneza.

Ya tatu ni ya ujanja. Unaingiza kwenye seli jeni ya kung'aa kijani ambayo umeivunja makusudi, pembeni yake umeweka kipande kizima cha kunakili kutoka. Afu unaikata kwa enzaimu inayokata mahali pale tu. Seli ikirekebisha kwa kunakili, jeni inakuwa nzima na seli inawaka kijani. Ikiunga ncha hivo hivo haiwaki. Unapitisha kwenye mashine inahesabu ngapi zimewaka. Ukiongeza mikroRNA na zinazowaka zikapungua, basi umeona mwenyewe, hakuna cha kubahatisha.

Nesi wa Zamu

Aisee. Kumbe ni kazi hivo, na sisi tunawaona watu wa maabara wamekaa tu kwenye kiyoyozi.

Mkorofi Mstaarabu

Sasa ngoja niharibu shughuli. Kama hizi mikroRNA zinashusha ukarabati si ni adui? Tafuteni dawa ya kuzifuta tumalize mjadala. Kuna jamaa humu insta anauza unga wa lishe anasema "unasawazisha mikroRNA", elfu themanini kopo.

Mtu wa Pipeti

Huyo wa elfu themanini muulize anasawazisha ipi kati ya hizo 2,600 na kwenye seli ipi. RNA tupu ukiila inaishia tumboni, enzaimu za RNA zimejaa toka kwenye mate. Mwacheni apate hela kwa wasiosoma uzi huu.

Ila swali lako la adui ndo kiini cha jambo lenyewe, na hapa ndo namleta miR-155.

Ukarabati ukishuka kuna mambo mawili tofauti kabisa kutegemea ni lini. Kabla ya saratani, seli ya kawaida ya titi ikipungukiwa BRCA1 inakusanya makosa, mwaka hadi mwaka, kosa moja linaangukia kwenye p53, ile protini inayozuia seli kugeuka saratani, jingine sehemu nyingine, siku moja uvimbe huo. Hapo mikroRNA ni adui kweli. Lakini uvimbe ukishakuwepo na wewe daktari unataka kuuua, unatumia nini? Mionzi, inakata DNA. Kemo kama cisplatin na carboplatin, zinafunga nyuzi za DNA pamoja. Silaha zote hizi zinategemea seli ya saratani ishindwe kujirekebisha! Kwa hiyo mikroRNA ile ile iliyosaidia uvimbe kuzaliwa ndo inayouacha uchi mbele ya dawa.

miR-155 ilikuwa inajulikana siku nyingi kama miR mbaya, ya uvimbe na uchochezi. 2014 kundi la Carlo Croce wa Ohio State wakaonesha inashusha RAD51, seli za saratani ya titi zenye miR-155 nyingi zinashindwa kurekebisha baada ya mionzi, na wagonjwa wa hasi tatu waliokuwa na miR-155 juu walikuwa na RAD51 chini na waliishi muda mrefu zaidi. Miaka mitatu kabla yake, 2011, watafiti wengine walishaonesha kwamba BRCA1 yenyewe ndo inaizima miR-155. Unganisha mwenyewe: BRCA1 ikilala, miR-155 inaamka, miR-155 inamshusha RAD51, na njia ya kunakili inakosa watu wawili badala ya mmoja.

Halafu kuna dawa za kuzuia PARP kama olaparib. PARP1 inasaidia kurekebisha mikato ya uzi mmoja. Ukiizuia inanasa pale pale kwenye DNA, seli ikija kudurufu inagonga pale mkato unakuwa wa nyuzi mbili, na hapo lazima unakili. Seli yenye BRCA nzima inanakili inaendelea na maisha, isiyo nayo inakufa. Makundi mawili yalionesha hili 2005 na Marekani ikaruhusu olaparib kwa saratani ya titi ya waliorithi BRCA mbovu Januari 2018. Sasa wale wa Boston wenye miR-182 walijaribu na hii pia, seli za titi zilizojazwa miR-182 zikawa dhaifu mbele ya dawa ya PARP, japo jeni ni nzima.

Binti wa Pili

Kaka hapo umenigusa. Kwa hiyo mama anaweza kupewa hiyo olaparib kama mikroRNA zake ziko juu? Daktari alisema haimhusu kwa sababu BRCA ni nzima.

Mtu wa Pipeti

@Binti wa Pili dada yangu daktari wako yuko sahihi, na nitakueleza kwa nini, usije ukaenda kumgombeza kwa sababu ya uzi huu.

Uingereza walifanya jaribio linaitwa TNT, matokeo yalitoka 2018, wagonjwa 376 wa saratani ya titi iliyosambaa, hasi tatu au wenye BRCA mbovu. Nusu carboplatin nusu docetaxel, kemo ya aina nyingine. Waliorithi BRCA mbovu, carboplatin iliwasaidia asilimia 68 dhidi ya 33 ya docetaxel, mara mbili kabisa. Wakaangalia sasa kundi kama la mama, wale ambao jeni ni nzima ila BRCA1 imezimwa kwa methili au mRNA yake iko chini. Kila mtu alitegemea nao watafaidika. HAWAKUFAIDIKA. Carboplatin haikuizidi docetaxel kwao.

Mimi nilivyoiona ile nilikaa chini. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: jeni iliyovunjika imevunjika, seli inahangaika sana mpaka irudi. Lakini jeni iliyoshushwa tu inaweza kupandishwa. Kemo ya kwanza inaua seli zenye BRCA1 kidogo, zinabaki zile ambazo zimeirudisha, na sampuli mliyopima ni ya biopsi (kipande kilichokatwa kwenye uvimbe) ya mwanzo kabla ya kemo, kumbe uvimbe wa leo sio ule. Methili inafutika, na mikroRNA ndo usiseme, hiyo inapanda na kushuka kwa masaa. Hata uharibifu wa DNA wenyewe unazichochea, ATM ikiamka inaharakisha kutengenezwa kwa baadhi ya mikroRNA, na p53 nayo inamsaidia Drosha.

Ndo maana nasema mikroRNA inaeleza vizuri sana ILIKUWAJE, ila kama kipimo cha kuamua dawa leo hii haijafika. Anayewauzia kipimo cha hivo kwa ajili ya kuchagua tiba ya mama, kataeni.

Thika Rodi

Na mbona wasitengeneze hiyo miR-182 iwe dawa, idungwe kwa tumor halafu radiesheni ifuate? Kwa karatasi inakaa poa.

Mtu wa Pipeti

Kwenye karatasi inakaa poa kweli. Kampuni moja ya Texas, Mirna Therapeutics, ilienda njia hiyo na miR-34a, ambayo inasaidiana na p53. Wakaifunga kwenye vitone vya mafuta wakaiita MRX34, majaribio kwa binadamu wakaanza 2013, hiyo ndo dawa ya kwanza ya kuiga mikroRNA kuingia kwa wagonjwa wa saratani. 2016 wakafunga, wagonjwa walipata athari kali za kinga ya mwili na wanne walifariki.

Tatizo ni lile lile nililosema mwanzo, inashika mamia ya mRNA, na kwenye seli za kinga inaweza kufanya mambo ambayo kwenye seli za uvimbe hukuyaona. Pili ni kufikisha. RNA fupi ukiichoma kwenye mshipa inakimbilia ini, ndo maana patisiran iliyoruhusiwa Marekani 2018, ambayo ni RNA fupi ya aina jirani, shabaha yake ipo kwenye ini. Titi, na hasa saratani iliyoshahamia mfupani au kwenye mapafu, huko bado ni mtihani. Na miR-182 ikivuja kwenda kwenye titi la pili lililo zima, umeshusha BRCA1 kwa mtu uliyetaka kumponya.

Nesi wa Zamu

Nimesikia kwamba kuna tafiti za kupima mikroRNA kwenye damu, mgonjwa asichomwe biopsi. Hiyo vipi? Kuna watu walikuja kituoni kwetu kuomba sampuli.

Mtu wa Pipeti

Ipo, na hapo sista wewe una kazi kubwa kuliko profesa. MikroRNA zinatulia vizuri kwenye seramu, zimefungwa na protini au zimo kwenye vifuko vidogo, haziozi haraka kama mRNA. Uzuri unaishia hapo. Chembe nyekundu za damu zimejaa miR-451 na miR-16. Ukivuta damu kwa nguvu na sindano nyembamba, au mtu akatikisa tyubu, au ikakaa kwenye dirisha la zahanati ikisubiri bodaboda mpaka mchana, chembe zinapasuka, seramu inakuwa na wekundu hata kidogo tu, na majibu ya mikroRNA yanapanda yenyewe bila saratani yoyote. Watafiti waliokuwa wanatumia miR-16 kama kipimo cha kulinganishia wengi wamechapisha hemolisisi, yaani kupasuka kwa chembe nyekundu, wakidhani wamechapisha saratani. Kwa hiyo wakija tena waulize, tyubu gani, izungushwe kwenye mashine ya kutenga seramu ndani ya muda gani, na seramu nyekundu wanaifanyaje. Wakishindwa kujibu waage vizuri.

Thika Rodi

Swali la mwisho boss, hizi seli mnazotumia ni za akina nani? Maana huku kwetu hasi tatu iko juu na inashika wasichana wadogo.

Mtu wa Pipeti

Nyingi ni za Marekani za miaka ya 1970. MCF-7 ilitolewa kwenye maji ya mapafu ya mtawa mmoja kule Michigan 1970, na hiyo ina vipokezi vya estrojeni, sio hasi tatu kabisa. MDA-MB-231 ni hasi tatu, ya Texas. MDA-MB-468 angalau ilitoka kwa mama Mmarekani mweusi. Ndo hizo dunia nzima inanakiliana. Wanawake wenye asili ya Afrika wanapata hasi tatu zaidi, hilo lina ushahidi, ila ukinambia ni kwa sababu miR-146a yao iko juu nitakwambia niletee sampuli. Vitalu vya biopsi, yaani vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta, vimo kwenye makabati ya patholojia toka Ocean Road ya Dar mpaka Mulago ya Kampala, na mikroRNA kwa ufupi wake inavumilia formalini na nta kuliko mRNA, kwa hiyo ile kazi inafanyika bila kumchoma mgonjwa tena. Mwanafunzi wa masters anayetafuta mada, aichukue hiyo bure.

Mchele Mbichi

Nimesoma wote mpaka mwisho. Bando limeisha ila sijutii.

Binti wa Pili

Kaka asante sana. Sasa nikienda kliniki niulize nini? Maana tukifika pale tunapewa dakika chache na mama anasema tu "sawa dokta".

Mtu wa Pipeti

Andika kwenye karatasi dada, usitegemee kichwa. La mikroRNA liache nyumbani. Uliza kipimo cha jeni kilikuwa BRCA1 na BRCA2 peke yake au kiliangalia na PALB2 na TP53 (jeni ya ile p53), maana PALB2 ndo inamuunganisha BRCA1 na BRCA2 kwenye ile njia ya kunakili, ikiwa mbovu ya kurithi hata BRCA ikiwa safi wewe na wadogo zako mnahusika. Uliza pia kama uvimbe wenyewe, sio damu, umepimwa BRCA, kwa sababu kuna kosa linalotokea ndani ya uvimbe tu na damu haitalionesha. Na omba nakala ya ripoti ya patholojia mkae nayo, maana mafaili yanapotea.

Binti wa Pili

Nimeangalia karatasi sasa hivi, imeandikwa BRCA1/2 tu. Kliniki ni Alhamisi.

Mtu wa Pipeti

Basi ndo swali la kwanza hilo. Wakikupa majibu yatupie humu, ila futa jina la mama na namba ya faili kabla hujapiga picha.